Juu ya Neno "School" na Majina Tuliyoliwekea

Mwalimu mmoja kijana, aliyekuwa akifundisha Kiingereza darasa la sita hapa Nakapanya, alikuta katika kitabu cha kusomea maneno "a school of fish", akayafasiri ubaoni palepale: "shule ya samaki". Watoto walicheka sana, na mmoja akauliza kama mwalimu wa samaki naye huwa na fimbo. Wakati wa mapumziko mwalimu yule alitujia ameona haya, akitaka kujua kosa lake ni nini, maana kamusi yake ndogo ilikuwa na maana moja tu. Tulimjibu kwa haraka aandike "kundi la samaki", yakaisha. Lakini swali lake halikutuacha. Tangu siku ile tumelifuata neno hili katika kamusi na katika vinywa vya watu, na tuliyoyapata yametugusa sisi wenyewe tulio waalimu kuliko tulivyotazamia. Ndiyo tutakayo kuwaeleza wenzetu.

Kwanza hao samaki. Neno lao si jamaa wa shule hata kidogo. Limetoka kwa Waholanzi, ambao katika lugha yao ya zamani walisema "schole", yaani kundi au kikosi. Na neno jingine la Kiingereza, "shoal", ambalo nalo ni kundi la samaki, ni ndugu yake. Maneno mawili yalitoka mbali mbali yakakutana katika sauti moja, kama kwetu sisi kaa la moto, na kaa wa pwani, na kukaa kitako. Mwalimu wetu hakukosa kwa uvivu. Alidanganywa na sauti, na watu wengi wenye elimu kumpita wamedanganywa hivyo hivyo.

Neno "school" lenye maana ya masomo Waingereza walilipokea kwa Walatini, waliosema "schola", nao Walatini walilipokea kwa Wayunani, waliosema "skhole". Na hapa ndipo mtu hustaajabu. Kwa Wayunani skhole haikuwa nyumba, wala ubao, wala kitabu. Ilikuwa nafasi: wasaa mtu alioupata baada ya kuweka chini kazi za mikono, akawa hana jambo la kumkimbiza. Hata kazi yenyewe waliiita kwa neno la kukanusha, "askholia", yaani kutokuwa na nafasi, kana kwamba nafasi ndiyo hali iliyo sawa ya mwanadamu na shughuli ni upungufu wake. Watu waliokuwa na nafasi walikaa pamoja wakazungumza mambo ya hekima, na mazungumzo yale yakaitwa skhole. Kisha wale waliomfuata mwenye hekima mmoja wakaitwa kwa jina hilo. Mwisho, mahali walipokutana pakaitwa hivyo pia. Kwa hiyo nyumba ndiyo iliyokuja nyuma ya yote. Sisi tumezoea kuanza na nyumba, tukahesabu mabati na madawati, ndipo tukasema shule ipo.

Waalimu wa dini wanaweza kuliona neno hili kwa macho yao katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, aya ya 9, mahali Mtakatifu Paulo alipowaacha wabishi wa sinagogi la Efeso akaenda kufundisha kila siku kwa mtu aitwaye Tirano. Katika Kiyunani neno lililoandikwa pale ni skhole. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, waliandika "darasa ya" mtu huyo. Tunawasifu kwa uamuzi wao. Wangaliweza kuandika shule, na msomaji wa Nakapanya angaliona mbele yake kengele na watoto wamepanga mstari. Lakini Tirano hakuwa na kengele, na Paulo alisema na watu wazima. Siku hizi tungeandika "darasa la", maana neno limehamia katika ngeli nyingine, nalo limepungua likawa chumba. Zamani darasa lilikuwa somo lenyewe, mafundisho yasemwayo na mwenye elimu mbele ya watu waliomzunguka, na misikitini watu bado hulitumia kwa maana hiyo. Asili yake ni Kiarabu, kama "madrasa", ambayo ni mahali pa darasa.

Walatini, kabla ya kulizoea neno la Kiyunani, walikuwa na jina lao wenyewe la shule ya watoto wadogo. Waliiita "ludus", na maana ya neno hilo ni mchezo. Wataalamu wametoa sababu mbali mbali, lakini sisi tuliposoma jambo hili hatukwenda mbali kutafuta mfano. Watu wa pwani, msichana akiisha kutiwa unyagoni, husema "amechezwa". Hawasemi amesomeshwa, husema amechezwa, au amefundwa. Kitenzi hiki "kufunda" ndicho kilichozaa kufunza, na kufundisha, na mafunzo, na fundi, na mwanafunzi. Sisi twaandika "mwanafunzi" kila siku juu ya daftari la mahudhurio, tusikumbuke kwamba shina la neno hilo lilikuwa likifanya kazi yake unyagoni kabla ya chaki ya kwanza kufika nchi hizi.

Maana nyingine za neno la Kiingereza tutazipita upesi. Kumfunza farasi adabu ni "to school" farasi. Wafuasi wa mwenye hekima fulani, au wachoraji wenye namna moja ya kuchora, huitwa "school", na hapo Kiswahili kina neno zuri tangu zamani, nalo ni "madhehebu", kama tusemavyo kwamba Waislamu wa pwani yetu wengi ni wa madhehebu ya Shafii. Kutoka shina lilelile Waingereza wana "scholar", ambaye ni mwanachuoni, na "scholarship", ambayo ni elimu ya mtu huyo na pia fedha za kumsomesha. Tungeweza kuendelea, lakini mambo hayo msomaji atayakuta katika kamusi yoyote kubwa.

Shule ya Jumapili yastahili kutajwa zaidi, kwa sababu huko neno lilirudi kwenye asili yake bila mtu kukusudia. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester, Robert Raikes aliona watoto wa maskini waliofanya kazi viwandani, hata viwanda vya kutengeneza pini, siku sita za juma. Siku ya saba peke yake ndiyo walikuwa na nafasi, nao waliitumia kwa kuzurura na kutukana njiani. Raikes akawaandalia masomo siku hiyo. Hakuchagua Jumapili kwa utakatifu wake tu. Aliichagua kwa kuwa mtoto asiye na nafasi hawezi kufundwa. Mitume wa Ulaya waliotuletea shule ya Jumapili hawakutuletea habari hiyo pamoja nayo, ama labda waliileta, nasi tulikuwa tunatazama picha.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chetu. Neno la kale kuliko yote ni chuo. Mzee Krapf katika kamusi yake ya mwaka 1882 alilieleza kuwa ni kitabu, na hiyo ndiyo maana yake ya zamani. Utenzi mkubwa wa Tambuka, ambao nakala yake moja ina tarehe ya mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha habari za Herekali. Kisha "chuoni", mahali penye chuo, pakawa ndipo watoto waendapo kujifunza Kurani, na mtu wa chuoni akawa mwanachuoni. Watu wa Lamu, ambao hawasemi vyuo bali zuo, wakatupa "mwanazuoni", nasi twalitumia bila kujua kwamba tunasema Kiamu. Mtoto akiisha kusoma Kurani yote alisemwa amehitimu, na neno hilo leo lapigwa mihuri kwenye vyeti vya Serikali. Chuo chenyewe kimepanda daraja. Kimeacha watoto wadogo, kimekuwa cha ualimu, na cha ufundi, na tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa jina la elimu ya juu kabisa. Ni neno moja katika mia lililopanda. Mengi ya kwetu yameshuka.

Kama chuo kilikuwapo, kwa nini basi twasema shule? Jibu ni la historia, wala si la lugha. Wajerumani walipotawala Tanganyika walifungua shule yao ya Serikali Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, wapate makarani na maakida na waalimu. Shule ile haikuwa ya dini yoyote, na chuo kilikuwa cha dini. Ikabaki na jina lake la Kijerumani, "Schule", likatiwa sauti ya Kiswahili tu. Huku kwetu kusini Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata Wabenediktini, nao Wajerumani, wakaanza misioni ya Peramiho. Hivyo upande wa boma na upande wa misioni neno lilikuwa moja. Maneno ya Wajerumani yaliyobaki vinywani mwetu ni machache mno. Hela ni moja, nayo ilikuja na sarafu zao za mwaka 1904. Shule ni la pili, na hayo mawili ndiyo mtoto wa Nakapanya huyajua kabla ya kujua kwamba Ujerumani iko.

Mwezi wa Novemba mwaka 1917 jeshi la Wajerumani lilivuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, na mwaka 1918 likarudi likipitia nchi ya Songea, likaenda zake Rhodesia. Watu walivuka, neno lilibaki. Waingereza waliposhika nchi walikuwa na "school" yao mikononi, nao huko Unguja, walikotawala tangu 1890, ilikuwa imekwisha kuwa "skuli", na ndivyo Waunguja na watu wengi wa pwani ya Kenya wasemavyo hata leo. Bara hawakuiweza. Waliokuwa wakifundisha bara walikuwa wametoka katika shule, si katika skuli.

Hapo pana jambo la kuchekesha kidogo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiswahili kitakachoandikwa katika nchi zote nne kisimame juu ya Kiunguja. Sisi sote tulifundishwa hivyo, na twarekebisha insha za watoto kwa kipimo hicho. Lakini neno lililopigwa chapa juu ya lango la nyumba ambayo Kiswahili hicho hufundishwa si la Kiunguja. Ni la Kijerumani cha bara. Mwunguja akiandika "skuli" mwalimu wa bara huweka mstari mwekundu chini yake. Twadhani aliyestahili mstari, kama mstari lazima uwepo, ni mwingine.

Nakapanya iko mahali pazuri pa kutazama safari ya neno hili. Ni katika nchi ya Tunduru, mashariki ya Songea, penye njia iendayo Masasi. Kusini yetu ni Ruvuma, na ng'ambo yake Wareno waliacha "escola". Magharibi, katika nchi ya Nyasa, watu husema "sukulu", waliyoitoa kwa Waingereza. Wayao wako pande zote tatu. Ndugu wa ukoo mmoja wakikutana msibani, mmoja atasema mtoto wake yuko shule, wa pili yuko sukulu, na wa tatu atataja neno la Kireno, nao wote watatu wametamka neno moja la Kiyunani lenye maana ya nafasi, kila mmoja kwa mdomo wa bwana aliyemtawala. Waganda hawakuazima. Walitwaa kitenzi chao cha kusoma wakapata "essomero". Wakongo wasemao Kiswahili wengi husema mtoto ameenda "masomo". Sisi tungaliweza kufanya hivyo, na hatukufanya.

Lakini ukweli ni kwamba Wayao na Wamakua wa Nakapanya hawakungoja mtu yeyote kuwaletea jambo lenyewe. Walikuwa na jando. Wenzetu wa mahali pengine wawe radhi kama tukieleza kidogo, wala hatutasema yasiyopasa kusemwa katika gazeti. Wavulana walipelekwa porini baada ya mavuno, wakajengewa kambi iitwayo ndagala, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa huko miezi miwili au zaidi hata vidonda vikapona. Muda huo wote walikuwa na watu wazima wa kuwafunda: jinsi ya kumheshimu mkubwa, kutoingia ovyo nyumbani kwa mama, kuzika, kunyamaza penye neno la kunyamaziwa. Zamani Wayao walikuwa na ngoma yao ya kale. Uislamu ulipopanda kutoka pwani sherehe ilivikwa nguo nyingine, lakini mwili ulibaki. Padre Yohanna Abdallah, Myao wa misioni ya Waanglikana, aliyeandika kwa Kiyao historia ya watu wake iliyopigwa chapa mwaka 1919, hakuona haya kuzitaja desturi zao. Na Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakuiita jando kazi ya shetani. Aliitengenezea njia ya Kikristo, watoto wa waumini wakaingia kwa sala. Waliompinga walikuwapo, Ulaya na hapa. Sisi twaona alikuwa amesikia vizuri kuliko wengi wa wakati wake.

Msomaji atazame majira. Nakapanya mtu hulima na kupanda mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na mbili; mwezi wa kwanza na wa pili ni palizi; kisha mazao yakianza kukomaa mtoto ndiye mlinzi, kwa maana nyani na ngedere na ndege hawana likizo. Mwezi wa tano na wa sita watu huvuna. Ndipo huja miezi mikavu yenye chakula ghalani na mikono mitupu, na hapo ndipo wazee waliita ngoma. Yaani walifundisha watoto wakati wa skhole. Shule yetu hufunguliwa Januari, jembe likiwa mkononi, kisha twashangaa madawati yakiwa matupu. Hatusemi kalenda ya Serikali ibadilishwe. Nchi ni kubwa na mvua zake hazifanani. Twasema tu kwamba mzee asiyejua kusoma alikuwa karibu na maana ya kwanza ya neno hili kuliko sisi wenye shahada zake.

Waingereza wenyewe, bila kutambua, walikaribia kulisema jambo hili. Vishule vya misioni vya zamani, penye mti, na mwalimu mmoja, na kadi za herufi, waliviita "bush school", shule ya porini. Na wale walioandika habari za Liberia waliita jando la huko kwa jina hilo hilo. Neno moja kwa vitu viwili, na pori moja.

Tulipokuwa vijana katika kazi, katika shule ambayo hatutaitaja, palikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyekosa wiki saba. Tulijua yuko jandoni. Kila mtu alijua. Aliporudi alikuwa amenyolewa kichwa, amevaa shati jipya, ametulia kuliko alivyoondoka. Tukasoma majina. Tulipofika kwake hakuitikia. Tukalirudia jina, mara ya pili, mara ya tatu, naye alikuwa ametutazama usoni. Wenzake walikuwa wameinamisha vichwa. Tuliona ni kiburi alichojifunza porini, tukamwita mbele, tukampiga fimbo tatu za mkono. Hakulia wala hakuitikia. Tukapiga mstari juu ya jina lake kwa wino mwekundu.

Asubuhi ya pili alikuja mjomba wake. Kwa Wayao mjomba ndiye mwenye mtoto katika mambo ya namna hii. Tulimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti.

"Mwalimu," alisema, "mtoto uliyemwita jana hayupo. Tulimwacha porini, na ndagala yake tumeichoma moto. Huyu aliyekaa mbele yako ni mwingine. Kumwita kwa jina la yule mbele ya wenziwe ni kumtukana, naye hakukujibu kwa kuwa tumemkataza kuitikia tusi. Umempiga kwa sababu ana adabu."

Tulimwambia kwamba daftari ni la Serikali, na kwamba mtoto alikosa shule wiki saba.

"Hakukosa shule. Alikuwa nasi shuleni. Mbona hukuniuliza amefunzwa nini?"

Tulikuwa tumezaliwa mbali na huko, na habari ya jina jipya la jandoni tulikuwa tumeisikia kama hadithi ya zamani. Lakini udhuru huo haukutufaa, wala hautufai sasa, kwa sababu moja. Sisi wenyewe tulipobatizwa, tukiwa wanafunzi, jina letu lilibadilishwa katika daftari la shule siku ileile. Mwalimu alilifuta la nyumbani, akaandika la mtakatifu, na tangu siku ile mtu aliyetuita kwa lile la kwanza alikemewa. Hakuna aliyesema daftari ni la Serikali. Tulikuwa tunajua kabisa, mwilini mwetu, kwamba mtu aweza kutoka mahali fulani akiwa na jina jingine, na kwamba wanaompenda wataliheshimu. Hatukudhani tu kwamba mahali hapo paweza kuwa pori la Nakapanya.

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutuonyesha, kama tungalisikiliza. Neno "somo" twalitumia kila siku kwa habari ya kipindi: somo la hesabu, somo la jiografia. Lakini somo ni pia mtu mwenye jina kama langu. Na tena somo ni yule mwanamke amfundaye mwali unyagoni, awe karibu naye hata baada ya ndoa. Mafundisho, na mwalimu, na mwenye jina moja nawe, vyote katika herufi nne. Kamusi huyapanga kama maneno mbali mbali, moja chini ya jingine, kwa namba. Twaona Wazungu waliotunga kamusi walikuwa waangalifu, nao walifanya vema. Lakini mtu aliyepokea katika ndagala adabu na jina siku zilezile hangeona haja ya namba hizo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya shule ya msingi kuwa lazima, na mzazi asiyempeleka mtoto aweza kushtakiwa. Ngoma zimefupishwa. Wavulana wengi hutahiriwa zahanati au na mganga wa hospitali, kisha hukaa na wazee majuma machache, na jambo lote hufanywa katika likizo ya Juni au ya Desemba. Neno likizo lenyewe lina habari yake: limetoka katika "kulikiza", kumwachisha mtoto ziwa, kumpa ruhusa aende. Hivyo shule ya kale ya nafasi sasa huomba nafasi kwa shule ambayo jina lake ni nafasi. Wazee wa Nakapanya hawalalamiki sana. Wanasema Desemba kuna mvua na ngoma haipendi mvua, basi. Wengine wetu katika ualimu huona hapo ushindi. Sisi hatukuona ni ushindi wa nini.

Majina hayabadiliki kwa wepesi tena. Jina lililoandikwa mtoto alipoingia darasa la kwanza ndilo litakalofuatana naye hata mtihani wa darasa la saba na cheti chake, na kulibadili ni kazi ya ofisi nyingi. Kwa hiyo siku shule inapofunguliwa, Januari au Julai, tukiisha kuona vichwa vilivyonyolewa, hatusomi majina kwa sauti. Twapita dawati kwa dawati na daftari mkononi, twainama, twamwuliza kila mmoja. Jina la kwanza huachwa kwa wino, maana hilo ni la Serikali. La pili tunaliandika kando yake kwa penseli, na kwa hilo ndilo tunamwita mwaka wote. Yule wa wino mwekundu tulimwandika hivyo pia, mbele ya mjomba wake, asubuhi ileile. Ilibidi tumwulize mjomba, maana mtoto mwenyewe bado hakuwa tayari kutuambia.